Njia Yake

Mita ya Leokadia Mchopa iko nyuma ya banda la kuku,
Charambe, mtaa usio na kibao.
Miaka minne nimeisoma nimechuchumaa,
nafuta kioo kwa kidole gumba, naandika tarakimu, naondoka.
Mwezi wa nane akaniambia: Jumamosi usije na daftari.
Watoto wanatoka jandoni. Njoo uone mapiko.

Mimi mtu wa Muleba, wa migomba na ukungu.
Mapiko niliyajua ya rafuni tu, kule Mwenge,
yenye bei imebandikwa kisogoni.
Nikanunua sukari kilo mbili, mkono mtupu haulambwi,
nikapiga pasi shati kana kwamba nimeitwa kwenye usaili.

Uwanjani hakuna aliyejali shati.
Wanaume walikuwa wanachoma nyasi kavu,
wanaziinamisha ngoma juu ya moto,
wanazigonga kwa ncha ya kidole na kutega sikio.
Moja ikakataa kuiva. Wakairudisha motoni.
Ikakataa tena.
Mwenye haraka nilikuwa mimi peke yangu, na saa yangu.

Nikatafuta pa kuonea vizuri. Nikakata uwanja katikati.
Mkono ukanidaka shati, mkono wa mwanamke, mzito, wenye unga:
"Kaka, hapo ni njia yake."
Njia ya nani? Mimi niliona mchanga,
kisoda, ganda la muhogo.
Lakini nikarudi nyuma, masikio yananiwaka,
nikakaa juu ya ndoo waliyonipindulia.

Kisha njia ikaonekana.
Ilianzia nyuma ya choo cha mabati, ikapita palepale
niliposimama,
na juu yake akaja lipiko:
kichwa cha mti chenye nywele za mtu,
chale mashavuni, midomo inataka kusema,
mwili umefungwa nguo hata kiganja hukioni,
njuga kiunoni.
Ngoma zikamwuliza, mabega yakajibu.
Wanawake wakakimbia, wakacheka, wakarudi, wakakimbia tena.
Simu yangu ilitetemeka mfukoni, nikaiacha itetemeke.
Au niseme ukweli: niliitoa.
Nikaiona inavyong'aa peke yake,
jicho moja jeupe kati ya watu wenye macho mawili,
nikaizima.

Akaja karibu. Vumbi likanipanda magotini.
Na mimi, ambaye mshahara wangu unatokana na kuchungulia
kilicho chini ya mfuniko,
nikatazama chini, nikaona mguu.
Kidole cha mwisho hakipo.
Mguu ule naujua. Naujua ndani ya ndala za bluu, kila tarehe sita,
nyumba ya pili kutoka kwa fundi baiskeli,
mwenyewe akilalamikia bili.

Jina likanipanda puani kama chafya.
Pembeni yangu binti mdogo mwenye pengo akauliza:
"Mjomba, yule nani?"
"Lipiko."
"Katoka wapi?"
"Sijaambiwa."
Akaridhika. Akarudi kukimbia na wenzake.
Chafya ikakaa nami mpaka giza likaingia,
mpaka wakanipa ugali na kisamvu kwenye sahani ya mgeni,
wala hakuna aliyeniuliza nimeelewa nini.

Tarehe sita nikaenda. Ndala za bluu zikaja mlangoni.
"Nasikia Jumamosi ulikuwepo."
"Nilikuwepo."
"Mimi nilikwenda Kongowe, kumwona mgonjwa."
Alinikazia macho alipokuwa akisema hivyo.
"Pole na safari," nikamjibu. "Mgonjwa anaendeleaje?"
"Anaendelea. Na huyo lipiko, alicheza?"
"Alicheza sana. Ila zamu ya pili
ngoma ndogo ilimwacha kidogo."
"Ilimwacha wapi! Ni yule mpigaji ndiye..."

Akanyamaza.
Nami nikanyamaza.
Kijisahani cha mita kilikuwa kinazunguka polepole,
mtu fulani ndani anaosha vyombo.
Nikafuta kioo kwa kidole gumba, nikaandika tarakimu,
nikampa karatasi yake.

Bili aliilalamikia kama kawaida.